Edward Barnard: Yatima wa Nashville aliyelifumbua giza la Njia Nyeupe

MIONGONI mwa watu waliobadili namna binadamu anavyolitazama anga la usiku, yumo mmoja ambaye katika utoto wake alikaa darasani kwa muda wa miezi miwili tu. Huyo ni Edward Emerson Barnard, Mmarekani aliyeanza kutafuta riziki akiwa hajatimiza umri wa miaka tisa, na ambaye hadi anafariki dunia mwaka 1923 alikuwa akihesabiwa kuwa mmoja wa watazamaji hodari wa nyota waliopata kuishi.

Barnard anakumbukwa kwa mambo mengi. Aligundua mwezi wa tano wa sayari ya Mshtarii. Aligundua nyota-mkia zaidi ya kumi. Ipo pia nyota jirani ya Jua letu inayoitwa kwa jina lake hadi leo.

Hata hivyo, kazi iliyomgharimu zaidi ilitokana na swali moja ambalo hakulipatia jibu kwa zaidi ya miaka 20. Katika Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga hafifu unaokatiza anga usiku usio na mbalamwezi, yapo mabaka meusi yasiyo na nyota. Je, mabaka hayo ni matundu matupu, au kuna kitu kimesimama mbele ya nyota na kuzificha?

Kazi ya juani

Barnard alizaliwa Desemba 16, 1857 katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Baba yake alifariki dunia kabla mtoto huyo hajazaliwa, na mama yake, Elizabeth, akabaki na watoto wawili wa kiume bila mali yoyote ya kutegemea. Miaka michache baadaye vilizuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, na Nashville ikawa mji uliokaliwa na majeshi. Njaa na maradhi vilikuwa mambo ya kila siku. Edward mwenyewe aliugua kipindupindu akanusurika.

Kwa kuwa shule ilikuwa nje ya uwezo wa familia, mama alimfundisha mwanawe kusoma nyumbani. Mwaka 1866 alimpeleka katika studio ya picha ya John Van Stavoren iliyokuwa mjini humo, akaajiriwa.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya ajabu kidogo. Juu ya paa la studio hiyo kulikuwa na mtambo mkubwa wa kukuza picha kwa kutumia mwanga wa jua, kwani taa za umeme zilikuwa bado. Mtambo huo, ambao wenyewe waliuita Jupiter, yaani Mshtarii, ulipaswa kuelekezwa kwenye jua bila kupotoka kwa muda mrefu, la sivyo picha iliharibika. Kazi ya mtoto ilikuwa kuzungusha magurudumu yake polepole, akilifuata jua hatua kwa hatua. Inaelezwa kwamba wavulana waliomtangulia walikuwa wakisinzia juani. Edward hakusinzia.

Alikaa katika studio hiyo kwa takriban miaka 17. Humo alijifunza kuchanganya dawa za kusafishia picha, kuandaa mabamba ya kioo, kuzijua lenzi nzuri na mbaya, na zaidi ya yote, kukaa na chombo kwa saa nyingi pasipo kuchoka. Wakati huo hakuna aliyedhani kuwa mtoto huyo wa kibarua alikuwa akijifunza ufundi ambao baadaye wanaastronomia wenye shahada wangeuhitaji.

Usiku, alipokuwa akirejea nyumbani kwa miguu, alizoea kutazama juu. Aliona nyota moja yenye rangi ya manjano ambayo kila baada ya siku kadhaa ilikuwa imesogea kidogo miongoni mwa nyota nyingine. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Miaka mingi baadaye ndipo alipotambua kuwa alikuwa akiifuatilia sayari ya Zohali.

Mwaka 1876, mtu mmoja alimkopa dola mbili na kumwachia kitabu cha nyota kama rehani. Mkopaji hakurudi. Ndani ya kitabu hicho, kilichoandikwa na Thomas Dick, mlikuwa na ramani za anga. Barnard alifungua dirisha, akalinganisha ramani na anga, na kwa mara ya kwanza akayajua majina ya nyota alizokuwa amezizoea tangu utotoni.

Kwa msaada wa mfanyakazi mwenzake alijitengenezea darubini ndogo kwa kutumia lenzi kuukuu. Baadaye alinunua darubini ya kweli yenye lenzi ya inchi 5 kwa dola 380, fedha zilizokaribia theluthi mbili ya mapato yake ya mwaka mzima.

Mwaka 1877, wanasayansi wa Marekani walifanya mkutano wao Nashville. Barnard alipata nafasi ya kuzungumza na Simon Newcomb, mwanaastronomia mashuhuri wa zama hizo, ambaye alimweleza bila kuficha kuwa pasipo hisabati hatafika mbali. Inaelezwa kuwa kijana huyo alijificha nyuma ya nguzo, akalia. Kisha akatafuta mwalimu wa kumlipa, akaanza kujifunza hisabati baada ya saa za kazi.

Nyumba iliyojengwa kwa nyota-mkia

Mwaka 1881, Barnard alimuoa Rhoda Calvert, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa na ndugu waliofanya kazi katika studio ile ile. Ndoa hiyo haikujaliwa watoto, lakini ilidumu kwa miaka 40.

Wakati huo tajiri mmoja wa Rochester, New York, H. H. Warner, aliyetajirika kwa kuuza dawa za chupa, alikuwa ametangaza zawadi ya dola 200 kwa kila nyota-mkia mpya itakayogunduliwa. Septemba 1881 Barnard alipata ya kwanza iliyotambuliwa rasmi. Zawadi ilipofika, yeye na Rhoda walikubaliana kuitumia kuanza kujenga nyumba, na sehemu iliyobaki wakakopa.

Kuanzia hapo maisha yao yakawa ya kusubiri anga. Muda wa kulipa deni ulipokaribia, Barnard alikesha akipekua anga kipande kwa kipande, na mara kadhaa nyota-mkia nyingine ilijitokeza kwa wakati. Wenyeji wa Nashville waliifahamu nyumba hiyo kama Nyumba ya Nyota-mkia.

Sifa zake zilifika Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilichoko mjini humo. Mwaka 1883 chuo kilimpa nafasi ya kusoma, makazi na posho ndogo, ili naye aitunze darubini ya chuo. Hivyo, akiwa na umri wa miaka 25, mtu aliyekuwa hajamaliza hata darasa la kwanza aliingia chuo kikuu.

Mlimani Hamilton

Mwaka 1887 Barnard aliondoka Nashville kwenda California, ambako Kituo cha Lick kilikuwa kikijengwa juu ya Mlima Hamilton, mita zipatazo 1,280 kutoka usawa wa bahari. Alipofika ujenzi ulikuwa haujakamilika, akalazimika kufanya kazi ya kunakili nyaraka katika ofisi ya wanasheria huko San Francisco hadi kituo kilipofunguliwa mwaka 1888.

Lick ilikuwa na darubini ya lenzi ya inchi 36, kubwa kuliko zote duniani kwa wakati huo. Lakini mkurugenzi wa kituo, Edward Holden, hakumpangia Barnard zamu kwenye darubini hiyo kwa miaka minne. Uhusiano wao ulikuwa mgumu. Mwaka 1892 ndipo alipopewa usiku mmoja kwa wiki, yaani Ijumaa.

Usiku wa Septemba 9, 1892 ulikuwa mmoja wa Ijumaa hizo. Barnard alielekeza darubini kwenye Mshtarii, akaificha sayari yenyewe ili mwanga wake mkali usimpofushe, na kando yake akaona nukta hafifu. Ilikuwa mwezi wa tano wa Mshtarii, ambao baadaye ulikuja kuitwa Amalthea. Tangu Galileo agundue miezi minne ya kwanza mwaka 1610, ilikuwa imepita miaka 282. Aidha, huo ndio mwezi wa mwisho wa sayari kugunduliwa kwa jicho kwenye darubini. Iliyofuata ilipatikana kwa picha, na baadaye kwa vyombo vya angani.

Barnard hakuwa mtu wa kuandika asichokiona. Mwaka 1894, wakati dunia ikivutwa na habari za mifereji iliyodaiwa kuchimbwa na viumbe wa Mirihi, yeye aliitazama sayari hiyo kwa darubini ya inchi 36 na kuona mchanganyiko wa mabonde na mabaka yasiyo na mistari iliyonyooka. Aliandika hivyo. Miaka mingi baadaye, vyombo vilivyopita karibu na Mirihi vilithibitisha kuwa mifereji haikuwapo.

Pamoja na hayo, kazi yake kubwa mlimani hapo ilianza kwa kifaa duni. Kituo kilikuwa kimenunua lenzi kuukuu ya inchi zipatazo 6, ambayo hapo awali ilitumika katika studio ya San Francisco kupigia picha za watu. Darubini kubwa ziliona eneo dogo mno la anga kwa wakati mmoja. Lenzi ya studio iliona eneo pana na ilikusanya mwanga mwingi. Kwa mtu aliyekulia katika studio ya picha, huo haukuwa mshangao.

Kuanzia mwaka 1889 Barnard aliifunga kamera hiyo juu ya darubini ndogo na kuielekeza kwenye Njia Nyeupe. Kwa kuwa dunia inajizungusha, nyota huhama, na bamba likiachwa wazi bila kufuatisha mwendo huo nyota hugeuka mistari. Mtambo wa magurudumu ulisaidia kwa kiasi, lakini haukutosha. Barnard aliweka jicho kwenye darubini ya mwongozo, akaishikilia nyota moja katikati ya nyuzi mbili zilizokatizana, na kusahihisha kila kosa dogo kwa mkono, kwa saa tatu, nne, wakati mwingine sita. Ilikuwa kazi ile ile aliyoifanya juu ya paa akiwa mtoto. Kilichobadilika ni kwamba sasa alifuata nyota badala ya jua.

Mabamba yalipooshwa, yalionesha Njia Nyeupe kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona: marundo ya nyota kama mawingu, na kati yake mifereji na madoa meusi. Oktoba 1892 bamba mojawapo lilionesha pia msitari hafifu usiokuwa wa nyota. Ilikuwa nyota-mkia ya kwanza kugunduliwa kwa picha. Ilipotea baadaye, ikaonekana tena mwaka 2008, miaka 116 baadaye.

Matundu au mawingu?

Zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, William Herschel aliyaona mabaka meusi ya angani na kuyachukulia kuwa matundu, mahali pasipo na nyota. Maelezo hayo yalikubalika na wengi. Barnard naye aliyafuata kwa muda mrefu, na katika maandishi yake ya mwanzo aliyaita matundu.

Lakini picha zake mwenyewe zilimtia shaka. Mengine yalikuwa na kingo zilizochongoka kama moshi. Mengine yaliungana na mawingu yenye mwanga, kana kwamba ni kitu kimoja chenye sehemu iliyomulikwa na sehemu isiyomulikwa. Nchini Ujerumani, Max Wolf naye alikuwa akipiga picha za aina hiyo na kuona mambo yanayofanana. Barnard hakutaka kukimbilia jibu. Aliendelea kupiga picha.

Mwaka 1895 alihamia Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa kikijenga Kituo cha Yerkes katika kijiji cha Williams Bay, jimbo la Wisconsin, chenye darubini ya lenzi ya inchi 40. Mei 1897, saa chache baada ya yeye kumaliza kazi ya usiku na kutoka, sakafu ya kuinuka na kushuka iliyokuwa chini ya darubini hiyo ilianguka. Mwaka huo huo Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia ya Uingereza ilimtunuku nishani yake ya dhahabu.

Catherine Wolfe Bruce, mwanamke tajiri wa New York, alitoa dola 7,000 ili Barnard atengenezewe darubini ya picha yenye lenzi ya inchi 10. Ilikamilika mwaka 1904. Tatizo likawa anga la Wisconsin. Majira ya baridi ni makali, mawingu ni mengi, na sehemu angavu zaidi ya Njia Nyeupe, iliyo katika kundi la Mshale, huchomoza chini karibu na upeo wa macho.

Hivyo mwaka 1905 Barnard aliichukua darubini hiyo hadi Mlima Wilson, California, ambako kwa miezi kadhaa alifanya kazi karibu kila usiku uliokuwa mweupe. Anga la mlima huo lilikuwa jeusi na tulivu, na mabamba mengi aliyoyapenda kuliko yote aliyapata huko.

Jibu, hata hivyo, lilimjia bila darubini. Usiku mmoja wa kiangazi mwaka 1913, mwezi ukiwa haupo, Barnard alitazama kusini na kuona vijiwingu vidogo vya kawaida vikielea mbele ya nyota za kundi la Mshale. Vingine havikuzidi ukubwa wa mwezi kwa kutazamwa. Mbele ya mwanga wa Njia Nyeupe vilionekana vyeusi kabisa, mithili ya matone ya wino, na vilifanana mno na madoa aliyokuwa ameyapiga picha kwa miaka 24.

Mkazi wa jiji anaweza kushangazwa na habari hiyo, kwani mjini mawingu ya usiku huonekana meupe au ya rangi ya chungwa, angavu kuliko anga lenyewe. Hali hiyo husababishwa na taa za barabarani na za majumba ambazo humulika mawingu kutoka chini. Mahali pasipo na taa, wingu halimulikwi na chochote, hivyo huonekana kama tundu katikati ya nyota. Barnard aliweza kuliona jambo hilo kwa sababu alisimama mahali penye giza la kweli.

Kuanzia hapo alitamka wazi kuwa mengi ya mabaka hayo ni vitu halisi vilivyosimama kati yetu na nyota za mbali. Mwaka 1919 alichapisha orodha ya vitu vyeusi 182, kila kimoja na namba yake. Yule aliyewahi kuyaita matundu ndiye aliyeyapa nafasi katika ramani ya anga.

Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1916, alilinganisha picha zake za nyakati tofauti na kugundua nyota hafifu inayosogea angani upesi kuliko nyota nyingine yoyote inayofahamika. Kwa takriban miaka 175 hupita umbali ulio sawa na upana wa mwezi mpevu. Iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo sita, na ukiondoa kundi la Alpha Centauri, hakuna nyota iliyo karibu zaidi na Jua. Inaitwa Nyota ya Barnard.

Kazi aliyoiacha

Miaka yake ya mwisho ilikuwa mizito. Aliugua kisukari, na mwaka 1921 Rhoda alifariki dunia. Barnard aliendelea kufanya kazi hadi mwili ulipokataa. Alifariki Februari 6, 1923 huko Williams Bay akiwa na umri wa miaka 65, akazikwa Nashville, mji alikoanzia kazi.

Aliacha kitabu kisichokamilika. Kwa miaka mingi alikuwa akiandaa atlasi ya picha za Njia Nyeupe, lakini hakuridhishwa na uchapaji wa aina yoyote, kwa sababu wino wa mtambo ulipoteza vivuli hafifu vilivyokuwa ndiyo kiini cha kazi yake. Mwishowe iliamuliwa kila nakala ibandikwe picha halisi zilizosafishwa kutoka kwenye mabamba. Nakala zilikuwa 700, na Barnard alizikagua picha zake moja moja, zaidi ya 35,000 kwa jumla.

Edwin Frost, mkurugenzi wa Yerkes, pamoja na Mary Calvert, mpwa wa Rhoda aliyekuwa msaidizi wa Barnard, ndio walioikamilisha atlasi hiyo. Ilitoka mwaka 1927, na orodha ya vitu vyeusi ikawa imeongezeka kufikia zaidi ya 340.

Mwaka 1930, Robert Trumpler wa Kituo cha Lick alithibitisha kwa vipimo kuwa kati ya nyota kumetapakaa vumbi jembamba linalopunguza mwanga wao. Leo inafahamika kuwa mawingu meusi aliyoyaorodhesha Barnard ni gesi baridi na vumbi, na kwamba ndani ya mengi yake ndimo nyota mpya huzaliwa. Wanasayansi bado huyataja kwa herufi B na namba alizozipanga yeye.

Mlima Wilson si mahali pa giza tena, kwa kuwa mwanga wa jiji la Los Angeles lililopanuka chini yake umelifunika anga lake. Lakini kundi la Mshale, ambalo Barnard alilitafuta chini kabisa ya upeo wa Wisconsin, katika Afrika Mashariki hupanda karibu na utosi. Kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi, katika kijiji kisicho na taa na usiku usio na mbalamwezi, mabaka meusi ya Njia Nyeupe huonekana kwa macho matupu, bila lenzi wala bamba la kioo.